Haya, hofu na simu: jibu kwa mama wa kijana asiyetoka chumbani

"Assalaam aleikum daktari. Nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Mombasa. Tangu utotoni ni mpole, kila mtu akimsifu kwa haya zake. Lakini kuanzia mwaka jana amebadilika. Akirudi shule huingia chumbani, hufunga mlango, akawa na simu mpaka saa nane za usiku. Wageni wakija hatoki hata kuwaamkua. Msikitini huchelewa makusudi ili akae safu ya nyuma na awe wa kwanza kutoka. Qasida aliyokuwa akisoma madrasa ameacha. Mwalimu wake anasema darasani hasemi neno, na siku aliyoitwa asome mbele ya wenzake alikimbilia msalani. Nilimpokonya simu wiki mbili. Badala ya kutoka nje akazidi kujifungia, chakula akawa hali vizuri, na usiku namsikia akilia. Mjomba wake anasema ni ukaidi, apelekwe bweni akanyooke. Jirani ananiambia ni jini. Mimi naona ni hii intaneti imemharibu. Mwezi ujao kuna harusi ya binti ya ndugu yangu na ashaniambia hatakuja. Je, nimnyang'anye simu moja kwa moja? Na huu ni ugonjwa au ni umri tu?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si zile saa nane za usiku. Ni msikiti. Kijana anayechelewa makusudi apate safu ya nyuma hasukumwi na simu, maana hapo simu iko mfukoni. Kuna kitu anakikimbia, na kwenye simu ndiko anakokimbilia. Tukikosea hapo, kila dawa tutakayompa itakuwa ya maradhi mengine.

Nianze na hilo neno haya, kwa sababu kwetu Pwani limeficha mengi. Haya ni pambo. Kijana mwenye haya hushusha macho mbele ya wazee na hunyamaza wakubwa wakizungumza, lakini muweke barazani na wenzake: atacheka, atabishana kuhusu mpira, ataomba aongezwe kahawa. Haya humfunza mtu namna ya kukaa na watu. Hofu humtoa kwa watu. Na tofauti iliyo kubwa zaidi huionekani kwa macho, mpaka uulize: mwenye haya ameridhika alipo, ilhali mwenye hofu anatamani kwenda na anaumia kwa kuwa hawezi. Kijana asiyejali watu hangelia usiku.

Kwa vile tunaisifu haya, hofu hupata mahali pazuri pa kujificha. Mimi huletewa vijana wa miaka 19, 20, walioshindwa kuingia kwenye mahojiano ya chuo au ya kazi, na mama karibu kila mara huniambia maneno yale yale: "Daktari, huyu tangu udogoni hana neno." Ndiyo, hana neno. Nalo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Wataalamu huiita hofu ya kijamii: hofu kubwa ya kutazamwa, kupimwa na kuaibika mbele za watu, inayodumu miezi sita au zaidi na kumzuia mtu masomo, kazi au urafiki. Mara nyingi huanza katika miaka ya kubalehe, wakati ambao maoni ya wenzake humwingia kijana kuliko ya mzazi. Kwa hiyo umri una sehemu yake. Lakini umri peke yake haumkimbizi mtoto msalani kwa kuitwa asome. Siwezi kumpima mwanao kwa barua, na anayekuambia anaweza usimwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba uliyoyaeleza yanafanana sana na hofu hii, na yanatosha kumfanya aonekane na mtu ana kwa ana.

Sasa hebu tuingie kichwani mwake siku ya harusi. Tangu adhuhuri tumbo linamsokota. Anajiona akiingia ukumbini, macho yote kwake, kiganja kimelowa jasho, shangazi anamuuliza habari za masomo na sauti inakatika. Hayo bado hayajatokea, lakini mwili haungoji yatokee. Moyo unadunda kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Saa kumi na moja anakuambia kichwa kinamuuma. Wewe, kwa huruma au kwa kuchoka kubishana, unamwambia basi, baki. Dakika chache tu, tumbo limetulia. Ule utulivu ndio mshahara wake. Ubongo umeandika somo kwamba amesalimika kwa sababu hakwenda, na harusi inayofuata itakuwa nzito kuliko hii. Hivyo ndivyo hofu inavyonenepa: hulishwa na kila nafuu ya kukwepa.

Na akienda je? Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza jambo ambalo sisi tunaotibu tunalitegemea mpaka leo. Mtu mwenye hofu hii, akiwa mbele za watu, huacha kuwatazama watu akajitazama mwenyewe. Ni kama kamera ya mbele ya simu imewashwa ndani ya kichwa, haoni mwingine ila uso wake: ninatetemeka, nimekuwa mwekundu, wameniona. Haoni kwamba shangazi ametabasamu, amesahau swali lake na ameshageukia sahani ya pilau. Halafu huja na ngao zake. Kofia ya jaketi usoni, jibu la neno moja, vipokea sauti masikioni, macho kwenye kioo cha simu. Akitoka salama, shukrani zote huenda kwa ngao: "Nimenusurika kwa sababu nilikuwa na simu." Hapati kujua kwamba angenusurika hata bila hiyo. Ubaya zaidi, anayemwona kwa nje hudhani ni kiburi, humwacha, naye huchukua kule kuachwa kama ushahidi kwamba hapendwi.

Hapo ndipo intaneti inapoingia, nami nataka tuitendee haki. Kijana wako na intaneti ya kasi ya mji huu ni marika: nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kwake hii si kitu kilichokuja kuvamia. Ni sehemu ya mji alimozaliwa, kama Ngome na feri ya Likoni. Na kwa mwenye hofu ya watu, ni mahali pa raha kwelikweli. Ujumbe unaweza kuuandika, ukaufuta, ukauandika tena. Hakuna anayekuona mkono ukitetemeka. Unaweza kuvaa jina lingine. Mchezo una kanuni zinazojulikana, tofauti na mazungumzo ya barazani ambayo hakuna aliyekuandikia kanuni zake. Inawezekana kabisa kwamba usiku huo unaomsikia kimya, huko kwenye mchezo yeye ni nahodha anayewaelekeza wenzake kumi, na wanamcheka kwa furaha. Usilidharau hilo. Ni yeye pia.

Tatizo ni bei. Kila jioni anayoitumia huko ni jioni ambayo hakufanya mazoezi ya watu, na kukaa na watu ni ustadi kama kuogelea. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kutazama bahari kutoka Lighthouse. Usingizi nao unakatwa. Vijana wa umri wake wanahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Anayelala saa nane za usiku na kuamka kumi na moja alfajiri anaingia darasani na ubongo ulio mwepesi kushtuka, na mwenye hofu tayari ndiye wa kwanza kuhisi. Tena mitandao ina masumbuko yake: ujumbe umesomwa na haujibiwi, picha haikupendwa na watu, kundi la wenzake limefunguliwa bila yeye. Zamani ukiaibika barazani, aibu ilikuwa ikiisha na watu kwenda kuswali Isha. Siku hizi inapigwa picha ya skrini.

Kwa hiyo kipi kilianza? Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake, waliofuatilia familia za mji wa Pittsburgh, Marekani, waliopewa kompyuta na intaneti kwa mara ya kwanza, walitangaza kwamba waliotumia zaidi walizidi kuwa wapweke. Habari ilitangaa. Mwaka 2002 watafiti hao hao wakarudi na kusema, kwa uaminifu unaopendeza, kwamba sehemu kubwa ya madhara yale yalikuwa yametoweka katika familia zile. Na katika kundi jipya waliona wachangamfu wakifaidika zaidi na intaneti kuliko wanaojitenga. Yaani mwenye watu huongezewa watu. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba uhusiano upo na unakwenda pande zote mbili: hofu humsukuma kijana kwenye skrini, na skrini ikichukua nafasi ya watu huilinda hofu isife. Kwa mwanao, aliyekuwa mpole kabla ya kujua simu, naona hofu ilitangulia na simu ikaikuta.

Ndiyo maana sikuulizi sana ni saa ngapi. Kijana anaweza kukaa saa tano akihariri video na marafiki anaokutana nao kesho shuleni, na hana shida. Mwingine akakaa saa mbili tu, lakini kila dakika ni ya kukwepa. Ninachouliza ni: simu inamfanyia kazi gani? Hata hilo neno "uraibu wa intaneti" watu wanalitumia ovyo. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya video, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, tena kwa masharti: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote, anaendelea licha ya madhara, na kwa kawaida hali imedumu mwaka mzima. Uraibu wa intaneti kwa jumla haumo.

Umeona mwenyewe yaliyotokea ulipomnyang'anya. Ulimwondolea mahali pa kujificha bila kumwondolea anachokikimbia. Pengine pia ulimkatia marafiki pekee aliokuwa nao. Sikulaumu, dada, wazazi wengi hufanya hivyo na mimi baba mtu nimewahi kufanya, nikajuta kwa siku tatu. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, usimnyang'anye moja kwa moja. Usiku ni jambo lingine. Simu zote za nyumba, na yako ikiwemo, zilale sebuleni kuanzia saa nne. Yako ikiwemo, nasisitiza, maana hapo ndipo mpango huu huvunjika.

Kisha kaa naye. Si kwa mahojiano. Mwambie akufunze huo mchezo wake, ushindwe, acheke. Katika kukaa huko muulize kwa upole kama kuna anayemsumbua huko mtandaoni, au anayemtishia kwa picha au kwa pesa. Nalitaja kwa sababu mtoto aliyebadilika ndani ya mwaka mmoja huenda amebeba jambo ambalo hajui aanzie wapi kulisema. Mhakikishie kabla hajakujibu kwamba hatapoteza simu kwa kusema kweli. Na lile la kusoma darasani, uliza vilevile kama kuna siku alichekwa, au kama ana kigugumizi anachokificha.

Baadaye ndipo huja kazi yenyewe, nayo ni ya polepole: kurudi kwa watu ngazi baada ya ngazi. Ngazi azipange yeye, si wewe. Mwanzo uwe jambo linalomtia hofu kidogo tu. Unajua ni vijana wangapi huniambia hupitishwa kituo kwa sababu hawawezi kupaza sauti wamwambie makanga "shukisha"? Wanangoja mtu mwingine ashuke, kisha wanarudi kwa miguu juani. Basi huyo ngazi yake ya kwanza inaweza kuwa hiyo, "shukisha", mara tano kwa wiki. Au kununua viazi karai na kuomba aongezwe ukwaju. Au kumwamkua mgeni mmoja mlangoni, kisha arudi chumbani ruhusa. Kabla ya kila ngazi aandike anachotabiri: "Watanicheka wote." Baada yake aandike kilichotokea. Hili dogo ndilo linalotibu, maana hofu ni mtabiri mbaya asiyewahi kusahihishwa. Na vipokea sauti vibaki nyumbani, la sivyo ngao itachukua sifa tena. Ngazi moja airudie mpaka imchoshe ndipo apande nyingine.

Wewe nawe una ngazi yako. Acha kumjibia. Jirani akimuuliza hali, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujasema "hajambo, ana mtihani". Kila tunapowasemea tunawathibitishia kwamba hawawezi. Mwalimu wa darasa mzungumzie faragha, umwombe kijana aanze kwa kumsomea yeye peke yake, kisha mbele ya wanafunzi wawili, badala ya kuitwa ghafla mbele ya arobaini. Na kama katika wale wa mchezoni kuna anayesoma shule yake au anayekaa mtaa wa karibu, mtu ambaye mnaweza kuhakikisha ni nani, hilo ni daraja. Wakutane bustani ya Mama Ngina jioni, kukiwa na watu, na kaka mtu mzima karibu anakula mihogo yake. Asiyejulikana haendewi.

Kuhusu mjomba: nia yake njema, lakini bweni si tiba. Kijana mwenye hofu hii akitupwa ghafla kati ya mamia ya wenzake, wengine huzoea, wengi huvunjika, na sioni sababu ya kumchezea bahati nasibu. Kuhusu jini: kumsomea Qur'ani na kumwombea dua hakuna ubaya, na vijana wengi huwatuliza. Usikubali tu apigwe, afukizwe mpaka akose pumzi, au aambiwe aache matibabu.

Matibabu yapo, tena hofu ya kijamii ni katika yale tunayoyatibu vizuri. Tiba iliyo na ushahidi zaidi ni ya mazungumzo, ile inayofanyia kazi fikra na mwenendo kwa pamoja. Kimsingi ni zile ngazi, lakini na mtu anayejua lini asukume na lini angoje. Huchukua miezi, si siku mbili. Dawa si za kuanzia kwa umri wake: mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema zisitolewe kwa desturi kwa watoto na vijana wenye hofu hii, ingawa daktari wa akili anaweza kuziona zinafaa panapokuwa na huzuni kubwa pamoja nayo. Tembe za usingizi za kununua duka la dawa bila daktari, usiguse. Hutuliza leo na kumfunga kesho. Na angalia muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Wapo vijana wanaouanza ili "wapate mdomo" mbele ya wenzao, na kumbe ni kichocheo, huongeza mapigo ya moyo na kukata usingizi, yaani huchochea kile kile wanachokikimbia.

Kwa kuwa hili la mwanao lilianza tangu mwaka jana, na chakula na kilio vimeingia, ningependa usingoje ngazi zishindwe kwanza. Muulize daktari wa kituo cha afya kilicho karibu nawe akupe rufaa, au uende kliniki ya afya ya akili ya Hospitali Kuu ya Pwani. Hospitali ya Port Reitz pia ina kitengo hicho. Ukifika, mwombe mhudumu azungumze na kijana peke yake kwa muda. Asipotaka kwenda, nenda wewe kwanza. Yeye mwenyewe anaweza kupiga 116, laini ya watoto, ni bure, na 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure vilevile. Kwa anayeogopa nyuso, simu ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini akisema amechoka kuishi, akijikata au kujiumiza, akigawa vitu vyake, au akiacha kabisa kula au kwenda shule, hapo usisubiri miadi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Imebaki harusi. Usimlazimishe usiku mzima, na usimwambie "basi, baki". Mpe nusu saa. Nendeni mapema, ukumbi ukiwa na watu kumi wanaopanga viti, apewe kazi ya mikono, kubeba maji au kupanga sahani, maana mwenye kazi hatazamwi sana. Muda aujue kabla, na ukifika mruhusu aondoke hata kama ameanza kuzoea, ila akitaka kubaki mwenyewe. Shangazi wote waambie kabla: wasimpokee kwa "leo umetoka!" Na ukimwona kona ile ameitoa simu mfukoni, mpitie na sahani ya biriani, usiseme neno.